Soksi Namba Kumi na Moja

Siku ya kuniaga nilipewa saa ya ukutani, keki, na hotuba tatu. Zote tatu zilisema nimeitumikia sayansi kwa moyo. Hakuna hata moja iliyotaja soksi. Nimeona niliandike jambo hili mwenyewe, kabla nyinyi vijana mliobaki maabara, na mashine zenu zinazonusa bila kupumzika, hamjaanza kuamini kwamba kazi hii ilianza na watu wenye makoti meupe. Ilianza na miguu ya watu. Vyeo nitaviruka, vilichelewa kuja, na havikuleta harufu yoyote mpya.

Niliajiriwa miaka ya tisini, nikapelekwa Suna, pale Migori. Mimi ni Mkuria, Kijaluo changu wakati huo kilikuwa cha kununulia nyanya tu, kwa hiyo sikuelewa kwa nini mwalimu wangu wa kazi alicheka alipoisoma barua yangu.

"Robi," akaniambia, "wamekuleta kufanya kazi ya mbu mahali panapoitwa Suna. Unajua suna ni nini kwa Kijaluo?"

"Sijui, mzee."

"Ni mbu. Serikali ikiwa na mpango, huwa haikosi."

Huyo ndiye Mzee Odera. Alikuwa amezeeka katika kazi ya wadudu. Ujana wake aliumalizia Bonde la Lambwe akitega mbung'o kwa mkojo wa ng'ombe, na alipoletwa kwenye mbu alijiona amepandishwa daraja kwa sababu sasa alinusa binadamu. Alioga kwa sabuni ya mche isiyo na manukato, hakula kitunguu siku za kazi, wala hakujipaka mafuta. Ngozi yake ilikuwa imepauka kama ukuta wa shule. Mkewe alisema kuishi naye ni kama kuishi na glasi ya maji.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuiombea ruhusa. Mbu wa malaria humfuata mtu kwa pumzi yake, kwa joto lake, na kwa harufu ya ngozi yake, na ngozi ya huyu si ngozi ya yule. Katika chumba kimoja mmoja ataumwa mpaka asubuhi na mwenzake alale kama gogo. Tulitaka kujua nani anapendwa na mbu, na ni kitu gani katika jasho lake kinachopendwa, ili siku moja tukiweke kwenye mtego mbu akamfuate mtu ambaye hayupo. Kwa hiyo tulimpa mtu soksi fupi ya nailoni, akalala nayo mguuni, na asubuhi tukaichukua kwa kibano na kuifungia katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Chupa ikaingia kwenye sanduku la barafu. Sharti lilikuwa moja: siku mbili kabla, hakuna sabuni ya manukato, hakuna mafuta, hakuna marashi.

Nyumba yangu ya kwanza Suna ilikuwa ya fundi cherehani. Nilibisha hodi, nikajieleza vizuri kama nilivyofundishwa. Mkewe alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ati unataka soksi ya bwana yangu."

"Ndiyo, mama. Ambayo amelala nayo."

"Ambayo amelala nayo." Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Na wewe umeolewa?"

"Bado."

"Wacha basi nikuulize. Ukishapata soksi, wiki ijayo utakuja kuchukua nini?"

Kuanzia siku hiyo Mzee Odera ndiye aliyeomba soksi za wanaume, mimi nikaomba za wanawake. Hata hivyo shida haikuisha, kwa sababu watu wa huku wana heshima. Hakuna aliyekuwa tayari kumpa mgeni jasho la jana. Walioga kwa siri. Mwalimu mmoja mstaafu alinirudishia soksi ikiwa imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa ndani ya bahasha. Nilipomshukuru nikamwambia tutarudia, alisikitika sana. "Nilitumia Omo," akasema, kama mtu anayeuliza kama alipaswa kutumia kitu bora zaidi.

Baada ya mwaka na kitu tulihamishiwa kituo cha kando ya ziwa upande wa Homa Bay, ambako mbu hawahitaji kutafutwa. Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya vyumba vitatu. Katika kimoja tulilea mbu wetu kuanzia mayai, mbu safi ambao hawajawahi kuonja mgonjwa. Tulikifunika madirisha mchana na kukiwashia taa usiku ili saa zao zigeuke na sisi tufanye kazi mchana kama Wakristo wengine. Wanaouma ni majike peke yao. Mzee Odera alisema madume nao wapo, ila wako kwenye mkutano. Katika chumba cha pili palikuwa na sanduku la njia mbili, na feni ndogo nyuma yake. Njia moja ilipuliza upepo uliopita juu ya soksi ya mtu, nyingine upepo mtupu. Tuliwafungulia mbu, wakachagua, tukahesabu. Chumba cha tatu kilikuwa ofisi ya mratibu, na humo hakuna kilichochagua wala kilichohesabiwa.

Mratibu wetu sitamtaja jina. Alikuwa mtu mwema aliyependa wageni. Alivaa tai hata kwenye kituo cha mbu, na aliamini kuwa utafiti ni kitu unachokiandaa kwa ajili ya mtu atakayekuja kukitazama.

Chifu wa pale alitupokea kwa baraza, akajitolea kuwa namba moja. Tulimweleza kwamba namba hazina maana. Akasema kama hazina maana basi hakuna ubaya yeye kuwa ya kwanza. Akawa namba moja. Tuliandikisha watu ishirini. Chupa zilikuwa ishirini na moja, kwa sababu Mzee Odera aliweka kati yao soksi moja tupu, safi, ambayo haikuvaliwa na mtu, tuilinganishe na nyingine. Hiyo nayo aliipa namba kama ya mtu, kumi na saba, ili anayehesabu asijue.

Namba kumi na moja alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitatu hivi, jina lake Perpetua, lakini pale kwa wakwe zake aliitwa kwa alikotoka: Nyar Mfangano, binti wa Mfangano. Alikuwa Mkatoliki wa kisiwani aliyeolewa kwenye boma la Waadventista, kwa kijana mpole aliyeitwa Yona. Upole wa Yona nitaueleza baadaye. Mama mkwe wake, Mama Dorka, alikuwa shemasi kanisani, mwanamke mrefu mwenye kauli fupi. Mwaka uliotangulia Nyar Mfangano alikuwa amefiwa na mtoto, msichana wa miaka miwili, kwa malaria. Nilipomfunza kuvaa soksi aliniuliza kama hii kazi itasaidia watoto. Nikamwambia ndiyo, siku moja. "Siku moja ni sawa," akasema, akanyoosha mguu.

Sasa nawaeleza kosa langu, na mlisome polepole.

Mzee Odera alikuwa na sheria kuhusu lebo. Andika kwa penseli, maana wino huyeyuka. Tia lebo moja ndani ya kifuniko, na nyingine uifunge kwa uzi shingoni mwa chupa. Asubuhi ile ya kukusanya, yeye alikuwa matangani, mvua ilikuwa imenyesha, na mimi nilikuwa na haraka. Nikabandika lebo za nje tu. Njiani pikipiki iliteleza kwenye matope, sanduku la barafu likalala ubavu, na nilipolifungua kituoni nilikuta lebo mbili zikielea majini kama majani ya chai. Kumi na moja, na kumi na saba. Soksi ya nailoni iliyovaliwa na ile iliyokaa bure, kwa macho ni mapacha. Kunusa tulikatazwa, maana pua ya mtafiti humwingilia mbu katika kazi yake. Nikazirudisha lebo kwa kumbukumbu. Kumbukumbu yangu siku hizo ilikuwa nzuri sana. Jihadharini na kumbukumbu nzuri.

Tulihesabu siku nne. Matokeo yalipotoka, chupa namba kumi na moja haikufuatwa na mbu yeyote wa maana. Namba kumi na saba, ile soksi tupu, ilipendwa kuliko watu wote, chifu akiwemo.

Mzee Odera aliitazama karatasi muda mrefu. "Hm," akasema.

Mratibu hakusema hm. Aliruka. Mwanamke ambaye mbu hawamtaki! Jasho lake lingeweza kuwa dawa. Lingeweza kuwa mafuta ya kujipaka, lingeweza kuwa makala, na zaidi ya yote lingeweza kuonyeshwa kwa Profesa, mgeni wetu kutoka ng'ambo aliyetarajiwa baada ya wiki tatu. Na soksi tupu iliyopendwa kuliko watu? "Hiyo imechafuka," akasema mratibu, akaipiga mstari. Ndivyo nilivyojifunza kwamba matokeo yakikupendeza ni ugunduzi, yakikuudhi ni uchafu.

Majina yalikuwa siri. Mratibu aliitunza siri hiyo mpaka alipokutana na chifu, yaani siku mbili. Chifu naye alikuwa na uchungu wake, kwa sababu alitoka wa tisa. "Wa tisa?" aliniuliza. "Na shemeji yangu?" Nikamwambia siwezi kumtajia ya shemeji yake. Akasema basi shemeji yake amemshinda. Lakini kwa kuwa alikuwa kiongozi, alimeza uchungu, na kwenye baraza lililofuata akaishukuru serikali kwa kugundua, katika kata yake, mwanamke ambaye mbu wanamwogopa. Akamsimamisha Nyar Mfangano watu wampigie makofi.

Nilikuwepo. Makofi yalianza vizuri, halafu yakaisha upande mmoja, upande waliokaa watu wa boma lake. Mama Dorka hakupiga. Alikuwa ameshika mkono mmoja kwa mwingine, akimtazama mkaza mwanawe kama mtu anayefanya hesabu. Yona aliketi karibu naye, macho kwenye kofia yake.

Siku ya nne baada ya baraza, saa tano asubuhi, Nyar Mfangano alikuja kituoni kwa miguu. Ni mwendo wa saa mbili. Nilimpa kiti akakataa.

"Dada," akasema, "nimekuja kuuliza kitu kimoja. Usinifiche."

"Uliza."

"Mimi na mtoto tulikuwa tunalala mkeka mmoja. Neti hatukuwa nayo. Mama anasema hata mbu wana akili, wamejua damu yangu ni ya namna gani. Anasema wakaniruka mimi wakaenda kwa mtoto." Alisema haya bila kulia, kama mtu anayewasilisha ujumbe wa mwingine. "Nirudishwe kwetu, hiyo si kitu. Kwetu napajua. Ninataka kujua kama ni kweli. Waliniruka?"

Nilianza kumpa maelezo. Nilisema mbu mmoja anatosha, nilisema harufu si kosa la mtu, nilisema mengi. Alingoja nimalize.

"Lakini waliniruka," akasema.

"Karatasi inasema hivyo."

"Haya. Ero kamano, asante." Akatoka. Nilimwona akienda barabarani mpaka kwenye kona ya mikonge, na hakugeuka hata mara moja.

Nikarudi ndani nikafanya jambo ambalo lingenifukuzisha kazi. Nilizitoa chupa mbili kwenye friji, nikazifungua, nikanusa. Namba kumi na moja ilinuka tanuri letu la kukaushia soksi safi, basi. Namba kumi na saba ilinuka mtu, na juu ya mtu ilinuka moshi wa samaki, mbuta wa kubanikwa. Nyar Mfangano alibanika mbuta kila siku ya kazi aliyopewa na Mungu.

Nilikaa sakafuni. Mzee Odera alinikuta hapo na vifuniko mkononi.

"Mzee, nimechanganya lebo. Kumi na moja ndiyo soksi tupu."

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu soksi tupu ilipomshinda chifu."

"Na hukusema?"

Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Nilisema. Nilisema hm."

Nilimkasirikia kuliko nilivyojikasirikia, maana hilo ni rahisi zaidi. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na mratibu ndiye aliyeandika ripoti za watumishi. Hakujitetea. Alisema tu, "Twende tukamwambie mkubwa. Wewe utasema, mimi nitasimama."

Mratibu alitusikiliza hadi mwisho, akafunga mlango, halafu akafunga na dirisha.

"Robi, sayansi ni kujisahihisha," akasema. "Tutajisahihisha. Profesa akishaondoka."

"Bwana mratibu, wanamfukuza nyumbani kwa ajili ya soksi yangu."

"Hawamfukuzi. Nimeongea na chifu. Ameagiza asiondoke mpaka mgeni amwone."

Na ilikuwa kweli. Kufukuzwa kwake kulikuwa kumeahirishwa kwa heshima ya ugeni. Alikuwa ameshafunga nguo kwenye shuka, shuka liko mlangoni, na amri ya serikali inamkalisha pale siku kumi zaidi ndani ya boma lisilomsemesha. Mumewe je? Nilimuuliza Yona mwenyewe nilipokutana naye kisimani. Alisema, "Madam, mama ni mama." Nikangoja sehemu ya pili. Haikuja.

Siku ya Profesa ikafika. Uwanja wa shule ulifagiwa, viti vya kanisa vikaletwa, wanafunzi wakaimba. Profesa alikuwa mwanamke mnene mwenye kofia pana na viatu vya mtu aliyewahi kutembea matopeni, na hilo lilinipa moyo kidogo. Tulikuwa tumebeba kizimba cha neti chenye mbu wetu safi, kimefunikwa kitambaa cheusi, maana mpango wa mratibu ulikuwa kwamba Nyar Mfangano aingize mkono mbele ya watu na mbu wamkimbie. Mratibu alikuwa anajua ninachojua. Nadhani alitumaini mbu nao watakuwa na adabu mbele ya mgeni.

Alihutubia. Alipofika mahali pa kumwita "mama huyu wa ajabu", nikasimama. Sikuwa nimeandaa maneno. Nilisema kwa Kiswahili:

"Mheshimiwa chifu, wazee, akina mama. Soksi namba kumi na moja haikuwa ya Nyar Mfangano. Ilikuwa soksi tupu. Mimi ndiye niliyebadilisha lebo, kwa uzembe wangu. Mbu hawakumkataa mtu hapa. Walikataa nailoni."

Mratibu alikohoa kikohozi kirefu cha kiofisi. Wazee wengi hawakukifuata Kiswahili changu, kwa hiyo Mzee Odera alisimama kutafsiri. Nilimsikia akienda vizuri kwa Kijaluo, nikatambua neno suna, nikatambua jina langu. Halafu akaendelea kupita mahali nilipoishia. Akajigusa kifua. Na katikati ya sentensi nisiyoielewa nikasikia, wazi kabisa, "hm". Uwanja mzima ulimgeukia. Alikaa chini, miwani mkononi.

Mama Dorka akainuka. "Maneno tumesikia," akasema kwa Kiswahili, ili nisikose. "Juzi karatasi ilisema hivi, leo mdomo unasema vile. Sasa mbu waseme."

Nyar Mfangano hakungoja kuitwa. Alikuja mbele, akakunja mkono wa gauni mpaka begani, akautia kwenye kizimba. Nikaacha kitambaa kimening'inia juu ili ndani pabaki giza, nikainua pembe moja watu waone.

Wa kwanza alitua karibu na kiwiko. Halafu wa pili. Mtu nyuma akasema, "Achiel! Ariyo!" na wengine wakadakia, adek, ang'wen, abich, wanawake wakasimama juu ya viti vya kanisa, na kufikia kumi uwanja mzima ulikuwa ukihesabu kwa sauti moja kama timu ya kijiji inafunga mabao. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona tena umati ukishangilia mtu akiumwa na mbu. Profesa alimuuliza mratibu kinachoendelea. Nilimsikia akimjibu kwamba ni ushirikishwaji wa jamii.

"Basi, toa mkono," nikamwambia Nyar Mfangano.

"Bado, dada."

"Inatosha. Wameshaonekana."

"Bado kidogo." Alikuwa anautazama mkono wake, machozi yanateremka mpaka kidevuni na hayafuti. "Basi hawakuniruka," akasema polepole, mimi peke yangu nikisikia. "Walinila na mimi. Walitula sote wawili."

Nikaushika mkono wake nikautoa mwenyewe.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Profesa, alipotafsiriwa, aliuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyeliuliza: kama kumi na moja ni soksi tupu, kumi na saba ni ya nani? Nikasema ni ya huyuhuyu mama. Ina maana alikuwa amependwa na mbu kuliko watu wote ishirini. Chifu, aliyedhani angalau sasa atapanda cheo, aligundua ameshuka kutoka wa tisa hadi wa kumi, akaanza kukunja shati akitaka naye apimwe upya palepale. Tulimsihi. Mama Dorka alikuja akautazama mkono wa mkaza mwanawe, ule uliojaa vipele, akaugusa kwa vidole viwili.

"Haya," akasema. "Arudi nyumbani."

Alisema kama mtu anayeruhusu sufuria irudi jikoni. Na sina hakika kama alijua njia nyingine ya kusema. Yule mtoto alikuwa mjukuu wake pia, na alikuwa ametafuta wa kumlaumu mwaka mzima. Nyar Mfangano aliitikia kwa heshima, "Ndiyo, mama." Halafu alikuja kwangu akishusha mkono wa gauni.

"Dada, asante. Umenirudishia ndoa yangu," akasema. "Lakini ilipokuwa imetoka mkononi, niliiangalia vizuri."

Asubuhi iliyofuata aliondoka na shuka lake la nguo, kwa hiari yake, mbele ya watu wote. Hakwenda Mfangano. Alikwenda Oyugis, kwa binti wa shangazi yake aliyekuwa na kibanda sokoni.

Mimi nilipewa barua ya onyo. Iliandikwa vizuri sana na sehemu ya kosa iliachwa wazi, kwa sababu kuitaja kungemlazimu mratibu kuitaja na ile siri aliyoimwaga. Mzee Odera alipewa barua kama hiyo, akaiweka ndani ya kifuniko cha chupa, akaifungia na lebo ya nje kwa uzi. Ripoti ya mwaka ilisema kwamba "changamoto ndogo za utambulisho wa sampuli zilitatuliwa kwa ushirikiano na jamii". Profesa aliondoka na soksi kumi na saba, ya kweli. Tulikuja kusikia kwamba ilizaa makala nzuri. Kibali alikiandika Nyar Mfangano mwenyewe kwa mkono wake, baada ya Profesa kumfuata hadi Oyugis na kumweleza kila neno mara mbili. Huo ndio utaratibu tuliopaswa kuufuata tangu mwanzo, na kuanzia hapo niliufuata. Majina sikumpa mtu tena, si mratibu, si chifu. Chifu alinichukia mpaka alipostaafu. Sababu aliyoitoa ni kwamba nilimficha cheo chake halisi.

Mzee Odera alimaliza miaka yake miwili. Katika miaka hiyo hakusema hm tena. Alisema, "Hapa pana kosa," kwa sauti, hata mahali pasipo na kosa, na ilichosha sana.

Kama mwaka na nusu baadaye nilipitia Oyugis siku ya soko, nikaenda kumtafuta Perpetua. Huko hakuna aliyemwita Nyar Mfangano. Alikuwa na kibanda chake mwenyewe, omena upande mmoja na maharagwe upande mwingine, amenenepa, anapigia kelele wateja kwa lugha tatu. Nyuma ya kibanda kulikuwa na mwanamume anapepeta maharagwe, kofia imeshuka usoni. Nilimtazama mara mbili. Alikuwa Yona.

Nilimvuta Perpetua pembeni. "Huyu amefika lini?"

"Alikuja mwezi wa pili. Akasimama pale kwenye nguzo, siku nzima, hasemi kitu. Kesho yake tena. Nikaona watu watadhani ni askari wa mji, nikampa ungo."

"Na mama yake?"

"Anamtumia salamu. Mimi pia ananitumia, siku hizi."

"Ameshasema neno lolote kuhusu siku ile?"

"Alisema. Ilimchukua miezi minne." Alicheka kidogo, akatazama nyuma alipokuwa Yona. "Tulikuwa tunashusha gunia kutoka kwa lori. Katikati ya kazi, gunia liko hewani, akasema, 'Ningesimama siku ile, Perpetua. Ningesema.' Hivyo tu. Akabaki amesimama na machozi."

"Wewe ukamjibu nini?"

"Gunia la kilo tisini, dada? Nilimwambia ashike vizuri upande wake."